Namna ya kuzipa uhai kambi za wachezaji kwenye seva ya kuigiza: mwongozo kamili

Seva nyingi za fantasia, yaani dunia za mtandaoni ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake, huanza kwa mbwembwe. Kuna kambi ya mashujaa wa hekalu, kuna ya wezi, kuna ya wachawi, na kila moja ina nembo, makao makuu yenye ngazi za mawe na historia ya miaka elfu moja. Pita tena baada ya miezi miwili. Makao makuu hayana mtu, na wachezaji wote wamejazana kwenye baa ya mjini wakipiga soga na kumsubiri msimamizi awaletee joka.

Si kwamba wachezaji ni wavivu. Historia ya kambi husomwa mara moja tu, na joho lenye nembo huzoeleka kufikia wiki ya pili. Mtu hurudi kambini kwa sababu kuna mwenzake anayemngoja, kuna kitu kitaharibika asipoonekana, na kuna mahasimu ambao analazimika kuzungumza nao hata kama anawachukia. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo litakalorudi mara nyingi hapa: kambi hupata uhai pale inapozihitaji kambi nyingine.

Mfano wangu mkuu ni Neverwinter Nights, mchezo wa BioWare wa mwaka 2002 uliotolewa upya na Beamdog mwaka 2018. Nimeuchagua kwa kuwa ulikuja na kifaa cha kujenga ulimwengu wako mwenyewe, programu ya kuuendesha kwenye seva, na programu nyingine ya msimamizi inayomwezesha kuingia ndani ya mlinzi au mfalme yeyote na kuzungumza kwa kinywa chake. Kama wewe unaendesha Minecraft, Conan Exiles au mchezo wa maandishi matupu, skripti (maagizo yanayoendesha mchezo) zitabadilika lakini kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Hesabu watu kwanza, kambi baadaye

Chukua idadi ya wachezaji walio mtandaoni kwa pamoja saa za kilele. Achana na idadi ya waliojisajili. Seva yenye wanachama 300 kwenye Discord, programu ya soga ya wachezaji, inaweza kuwa na watu 18 tu saa tatu usiku. Gawa hao 18 kwa sita, unapata kambi tatu. Kwa nini sita? Kwa sababu wanne ndio wanaotosha kufanya kambi ionekane ina watu, na wawili waliobaki ni wale wasiotaka kambi yoyote: mpiga gitaa wa baa, mwindaji wa peke yake, mfanyabiashara anayemuuzia kila mtu. Hao wapo kwenye kila seva. Waache, utawahitaji kama wapatanishi na wapelekaji wa habari.

Ukiwa na watu chini ya 12 saa za kilele, usifungue kambi mbili. Fungua moja yenye ugomvi ndani yake: baraza la mji lenye viti vitano na mambo mengi ya kugombania.

Ukipata watu wa kutosha, anza na tatu badala ya mbili. Dark Age of Camelot, mchezo uliotoka mwaka 2001, ulijengwa juu ya falme tatu, Albion, Hibernia na Midgard, na wachezaji wake wa zamani bado wanazungumzia vita vyake. Kambi zikiwa mbili, mgeni hujiunga na inayoshinda, inayoshindwa hupungukiwa, na baada ya muda mfupi hakuna wa kupigana naye. Zikiwa tatu, wawili wanyonge wana sababu ya kushikana mikono dhidi ya mwenye nguvu. Hata hivyo, tatu si dawa ya kila kitu. Wawili wenye nguvu wanaweza pia kuungana wakamwonea wa tatu, kwa sababu kumpiga mnyonge ni rahisi. Kinachowazuia ni kwamba wanamhitaji.

Hatua ya 2: Andika kila kambi kwenye nusu ukurasa

Nusu ukurasa, si zaidi. Jibu maswali matano: kambi inataka nini, ina nini ambacho wengine hawana, inakosa nini, ina aibu gani inayoificha, na watu wake wenyewe wanabishania nini. Historia ya miaka elfu moja inaweza kusubiri. Wachezaji wataiandika wenyewe, na yao watailinda kuliko yako.

Nitatumia mji wa kubuni, bandari tuiite Ras Mwezi, ambako usiku mizimu hutoka baharini.

Wenye Chumvi ni koo za matajiri wenye mashamba ya chumvi. Mizimu haivuki mstari wa chumvi, kwa hiyo kila nyumba inaihitaji. Wanakosa dawa ya homa inayowaua wafanyakazi wao mashambani, na wanakosa soko endapo meli hazifiki. Aibu yao: wanaolima chumvi hiyo ni watu waliofungwa na madeni. Ndani yao vijana wanataka kufuta madeni, wazee hawataki kusikia.

Nyumba ya Taa ni wachawi wanaowasha mnara. Bila mwanga wao hakuna nahodha atakayetia nanga. Moto wa mnara hula chumvi na mafuta ya mti unaomea kinamasini tu. Aibu yao: wakuu wanajua kwamba ni mwanga huohuo unaoiita mizimu, na wamekaa kimya. Wanafunzi wameanza kunong'ona.

Watu wa Kinamasi ni waganga na wawindaji. Wana dawa, wana mafuta, wanajua njia za majini. Wanakosa chumvi ya kuhifadhia nyama, na chuma kinachokuja na meli. Aibu yao sitaiandika hapa. Mwachie msimamizi wako kazi hiyo, ila iwe kitu ambacho wachezaji wa kambi wataweza kukitetea kwa dhati. Aibu isiyoweza kutetewa hugeuza kambi kuwa ya mashetani, na kambi ya mashetani huvutia watu wawili wenye fujo na kumchosha kila mwingine.

Angalia kwamba hakuna kambi ya wema na ya waovu. Ukiandika "kambi ya nuru" na "kambi ya giza" umeshawaambia wachezaji wasizungumze, kwa sababu mtu mwema anawezaje kukaa meza moja na giza?

Hatua ya 3: Ingiza uhitaji ndani ya mashine

Hapa ndipo seva nyingi hulegea. Mwenye seva anaandika kwamba mnara unahitaji chumvi, halafu mnara unawaka wenyewe siku zote. Wachezaji wanaona upesi kwamba hayo ni maneno tu.

Anza na namba ndogo unazoweza kuzirekebisha. Mashamba yatoe magunia 10 kwa siku endapo angalau mchezaji mmoja amekagua mifereji. Mnara ule magunia 20 kwa wiki. Milango ya mji ile 15. Watu wa Kinamasi watumie 10. Jumla ya mahitaji ni 45, na uwezo wa juu kabisa ni 70, lakini kwa kweli mifereji haitakaguliwa kila siku, kwa hiyo mara nyingi chumvi itakuwa kati ya kutosha na kupungua. Hali hiyo ndiyo unayoitaka: upungufu mdogo wa mara kwa mara, unaowalazimisha watu wakae chini wapatane nani apewe kwanza.

Weka kikomo cha ghala. Kambi ikiweza kurundika chumvi ya miezi sita, imejitoa kwenye mchezo. Gunia liharibike baada ya wiki tatu, au ghala lisipokee zaidi ya 30.

Kisha jiulize: Wenye Chumvi wakikataa kabisa kuuza, itakuwaje? Lazima pawe na njia ya pili iliyo mbaya zaidi, kama chumvi ya magendo kutoka pango lenye hatari, inayogharimu mara tatu. Njia hiyo huzuia kambi moja kuifunga seva nzima, na papo hapo inampa kazi yule mwindaji wa peke yake.

Upungufu uonekane kwa macho. Mnara ukikosa chumvi, ufifie kwanza, kisha uzime, na meli isije wiki hiyo. Duka la chuma libaki tupu. Milango ikikosa, mizimu iingie hadi sokoni. Usitangaze kwa maandishi mekundu juu ya kioo. Mtu apite sokoni usiku aone mwenyewe.

Kwa upande wa ufundi, kwenye Neverwinter Nights usiwategemee wachezaji kugawanywa na mfumo wa kambi uliomo ndani ya mchezo. Mfumo huo unakuja na kambi nne za mwanzo, za maadui, raia, wafanyabiashara na walinzi, na unapima uhusiano kwa namba 0 hadi 100: 0 hadi 10 ni uadui, 90 hadi 100 ni urafiki, katikati hawajali. Unafaa kumwamulia mbwa mwitu amshambulie nani. Haufai kuamua nani ni binamu wa nani. Uanachama wa mchezaji, cheo chake na akiba ya ghala viandike kwenye hifadhidata, kwa kutumia NWNX (nyongeza ya seva ya mchezo huu) na MySQL (programu ya hifadhidata) kama unaviweza, ili seva ikizimwa na kuwashwa visipotee. Ni kazi ya siku chache kwa mtu anayejua skripti, na hakuna kitu kinachoua imani ya wachezaji kama kuamka asubuhi na kukuta ghala lao limerudi sifuri.

Wa Minecraft, mnaijua programu-jalizi (nyongeza ya seva) ya Factions: kila mchezaji ana nguvu, hupungua akifa, na ardhi ya kambi haiwezi kuzidi nguvu za watu wake bila kuibiwa. Ni mfumo mzuri wa vita. Peke yake haujengi hadithi, maana jirani yako ana kitu kimoja tu unachokitaka, nacho ni ardhi yake. Ongeza bidhaa ambazo si kila kambi inaweza kuzitengeneza, na mazungumzo yataanza.

Hatua ya 4: Jaribu kila kitu kwa Jumanne usiku

Jumamosi kuna tukio kubwa, msimamizi yupo, watu 30 wameingia. Kambi yoyote huonekana hai Jumamosi. Jumanne saa nne usiku wameingia watu saba: wawili wa Chumvi, watatu wa Taa, mmoja wa Kinamasi, mmoja asiye na kambi. Hakuna msimamizi. Wana nini cha kufanya?

Kama jibu ni "kuua majini pangoni", umeshindwa, kwa sababu hiyo wanaweza kuifanya kwenye mchezo wowote. Kila kambi iwe na kazi tatu au nne ambazo watu wawili wanaweza kuzimaliza kwa dakika 40, na angalau nusu ya kazi hizo ziwapitishe mbele ya kambi nyingine. Kupeleka magunia mnarani na kutia saini kwenye daftari la mlinzi. Kukusanya ushuru darajani. Kusindikiza mganga anayekwenda kuwatibu wafanyakazi wa mashambani. Kusikiliza shauri la raia aliyeibiwa, kwa kufuata maelezo matatu yaliyoachwa na msimamizi kwenye ubao.

Mkusanya ushuru ni mfano ninaoupenda. Kimashine kazi yake ni kusimama darajani na kubonyeza mara moja mtu akipita. Lakini kila anayepita ana la kusema: mmoja anadai msamaha, mwingine anaficha mzigo, wa tatu anataka kuhonga. Dakika 40 zinaisha na hakuna upanga uliochomolewa.

Ubao wa matangazo na sanduku la barua ni vitu vya bei rahisi vyenye faida kubwa, hasa kama wachezaji wako wametawanyika. Mtu wa Dar es Salaam akiwa saa nne usiku, mwenzake wa Muscat yuko saa tano, na wa Toronto ndiyo kwanza mchana. Barua humwezesha wa Toronto kugombana vizuri na mtu asiyemkuta mtandaoni hata siku moja. Ruhusu barua zinaswe njiani na kusomwa na maadui, mradi mwenye barua aone kwamba lakiri imevunjwa.

Jambo moja la kuepuka: kazi za kila siku zinazolipa alama za kambi. Zinageuza kambi kuwa kibarua. Mtu anaingia, anafanya tatu zake, anatoka bila kusema neno. Lipa kwa matokeo (mnara unawaka, homa imepungua) na si kwa kuhudhuria.

Hatua ya 5: Vyeo, uongozi na ufunguo wa hazina

Watu wanapenda vyeo, na hakuna ubaya. Vyama vya ngoma ya beni vilivyoenea pwani na bara ya Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20 vilikuwa na wafalme, makapteni na sare, na ushindani wa vyama viwili hasimu, Marini na Arinoti, ulienea hadi miji ya mbali. Wachukuzi na makarani walikuwa na vyeo vikubwa kwenye beni, na vyeo vile vilikuwa na kazi: kuandaa gwaride, kukusanya michango, kuzika wenzao. Cheo bila kazi ni jina tu juu ya kichwa.

Kwa hiyo badala ya ngazi kumi za "askari daraja la tatu", weka nafasi chache zenye jukumu moja moja: mtunza ghala, mwandishi anayejibu barua, mpokeaji wa wageni, msemaji anayekwenda kwenye baraza la mji. Kambi ya watu wanane haihitaji zaidi ya hizo nne na kiongozi.

Je, kiongozi awe mchezaji au mhusika wa msimamizi? Msimamo wangu ni huu: juu kabisa akae mhusika wa msimamizi aliye mbali, mzee asiyetoka au bibi anayeandika kutoka ng'ambo, na madaraka ya kila siku yashikwe na mchezaji. Mchezaji akichoka au akipotea, bibi anaandika barua ya kumteua mwingine na hadithi inaendelea. Mchezaji akiwa mfalme wa moja kwa moja, siku akipata kazi mpya kambi nzima inafungwa naye. Weka pia kanuni ya wazi: kiongozi asipoonekana siku 14 bila taarifa, naibu anashika kiti. Iandike kabla hujaihitaji, la sivyo itaonekana umemlenga mtu.

Hazina isiwe na ufunguo mmoja. Kwenye EVE Online, mchezo wa anga za mbali, Februari 2009 muungano mkubwa uitwao Band of Brothers ulivunjwa na kiongozi wake mmoja aliyehamia kwa mahasimu, Goonswarm. Alikuwa na mamlaka ya kubonyeza kitufe cha kuuvunja, akabonyeza. Kisa hicho kinasimuliwa hadi leo, na kwa EVE, yenye maelfu ya watu, usaliti wa namna hiyo ni sehemu ya raha. Kwenye seva ya watu 20 ungekufungia duka. Weka kikomo cha kutoa kwa siku, daftari linaloonyesha nani amechukua nini, na mambo makubwa (kuvunja kambi, kumfukuza mtu, kuuza jengo) yahitaji saini mbili na siku tatu za kusubiri. Siku hizo tatu ni zawadi kwa hadithi pia: msaliti ana muda wa kugunduliwa.

Hatua ya 6: Ugomvi wenye ngazi

Wasimamizi wapya huchagua moja kati ya makosa mawili. Ama wanaruhusu vita wakati wowote, na kambi yenye watu wengi inawafagia wengine usiku mmoja. Ama wanapiga marufuku vita kabisa, na vitisho vyote vinakuwa maneno ya baa.

Jenga ngazi. Ya kwanza ni malalamiko ya maandishi. Ya pili ni vikwazo: hatuwauzii, hampiti darajani. Ya tatu ni uvamizi mdogo wenye lengo lililotajwa, kama kuteka msafara au kuchoma mtumbwi. Ya nne ndiyo vita, inayohitaji kutangazwa siku nne kabla, ina lengo moja na inaisha baada ya wiki mbili hata kama hakuna mshindi. Huwezi kuruka ngazi. Utashangaa ugomvi mwingi unavyomalizikia kwenye ya pili, kwa kuwa vikwazo vinamuumiza anayeviweka pia: Wenye Chumvi wakiunyima mnara, meli haziji kununua chumvi yao.

Weka saa za mashambulizi, mathalani saa mbili hadi saa tano usiku, na usiruhusu jengo kuvamiwa wakati wenye nyumba hawazidi wawili mtandaoni. Kuamka na kukuta umeporwa ukiwa usingizini hakuna hadithi ndani yake.

Zawadi ya ushindi iwe kitu kinachoweza kupokonywa tena. Dark Age of Camelot ilikuwa na pango kubwa, Darkness Falls, lililofunguliwa kwa ufalme wenye ngome nyingi kwa wakati ule. Ngome zikibadilika mikono, mlango nao unabadilika, na waliokuwemo ndani wanasikia maadui wakiingia. Ni ubunifu wa hali ya juu. Mshindi anafurahia leo, aliyeshindwa ana sababu ya kuamka kesho. Kwa Ras Mwezi inaweza kuwa haki ya kupanga ushuru wa bandari kwa mwezi mmoja.

Aliyeshindwa naye asitoke mikono mitupu. Mpe mateka wa kukomboa, shujaa wa kuzika, au neno la siri alilolisikia akiwa kifungoni. Kanuni ninayoisisitiza kwa wasimamizi: mhusika akishindwa, ndani ya siku mbili mtu amletee kitu cha kufanya kinachotokana na kushindwa huko. Vinginevyo mchezaji anahesabu hasara tu, na hasara ya usiku mzima humtoa mtu kwenye seva.

Usisubiri pia sababu kubwa za vita. Pambano la B-R5RB kwenye EVE, Januari 2014, lililowakusanya wachezaji zaidi ya 7,000 na kuteketeza meli 75 za aina kubwa kuliko zote, lilianza kwa sababu ada ya umiliki wa mfumo mmoja wa nyota haikulipwa kwa wakati. Deni dogo lililosahauliwa linatosha kabisa, kama pande mbili tayari zina vidonda.

Na mchezaji si mhusika wake. Liseme mara nyingi, lakini kusema hakutoshi: fungua chaneli moja ambako wapinzani wanacheka pamoja baada ya vita, bila uigizaji. Viongozi wa kambi zote wakutane humo kila mwezi na msimamizi. Watu wanaojuana kwa sauti na utani huumizana kistaarabu zaidi. Ukiona mtu amebeba ugomvi wa mhusika hadi kwenye ujumbe wa faragha, ongea naye siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Msimamizi alete swali

Msimamizi mzuri wa kambi hufika na tatizo lisilo na jibu moja, kisha anakaa kimya. Meli imetia nanga ikiwa na wagonjwa 30. Kinamasi kina dawa ya watu 20. Wafanyakazi wa chumvi wametoroka na kuomba hifadhi mnarani. Hakuna anayejua watachagua nini, hata msimamizi. Akiwa na jibu lake mfukoni, atawasukuma walifuate, na wachezaji wana pua ya kunusa hilo.

Kila kambi iwe na msimamizi wake, na kila baada ya miezi mitatu wabadilishane. Mtu akikaa na kambi moja mwaka mzima huanza kusema "sisi". Msimamizi asiwe na mhusika mwenye madaraka kwenye kambi yoyote. Acheze mvuvi, acheze fundi wa viatu. Malalamiko ya upendeleo yanaua seva haraka kuliko lagi, yaani mchezo kukwamakwama.

Halafu acha alama. Wachezaji wakichoma daraja, kesho likiwa zima umewafundisha kwamba matendo yao hayana uzito. Fungua faili la ramani, ondoa daraja, weka magogo yaliyoungua. Liachwe hivyo hadi mtu alijenge upya kwa mbao alizozitafuta. Chonga sanamu ya aliyekufa. Badilisha maneno ya muuza samaki ataje ushuru mpya kwa jina la aliyeuweka. Mabadiliko mawili madogo kama hayo kwa mwezi yanazidi tukio moja la joka lenye taa na muziki.

Hatua ya 8: Saa ya kwanza ya mgeni

Mgeni akiingia aone kwamba kambi zipo bila kusoma ukurasa wowote: anatozwa ushuru, mstari wa chumvi uko mlangoni pa nyumba ya wageni, mganga anampa dawa kwa mkopo. Tayari ana deni na kambi moja, na ameudhiwa na nyingine.

Usimlazimishe kuchagua siku hiyo. Muda wa majaribio wa wiki mbili, akiwa na kazi ndogo moja kwa kila kambi, unamsaidia yeye na wao. Mpokeaji wa wageni ana jukumu moja tu: kumtambulisha kwa watu wawili kwa majina na kumpa shughuli ya usiku huo. Kambi za siri ziwe na mlango pia. Genge la siri ambalo hakuna anayejua namna ya kulifikia ni marafiki watatu wanaocheza peke yao.

Hatua ya 9: Pima, punguza, funga

Kila mwisho wa mwezi angalia mambo machache. Ni watu wangapi tofauti wa kila kambi walioingia zaidi ya mara mbili kwa wiki? Ni barua ngapi zilivuka kutoka kambi moja kwenda nyingine? Ni lini mara ya mwisho chumvi ilipungua hadi watu wakahangaika? Barua ndizo ninazozitazama kwanza. Kambi yenye watu 12 isiyoandikia mtu nje ya kuta zake inaumwa kuliko yenye watu watano wanaogombana na kila mtu.

Kambi moja ikinenepa, usiipige kwa kanuni. Iongezee mzigo: eneo kubwa la kulinda, midomo mingi ya kulisha, na ule ubishi wa ndani ulioandika kwenye nusu ukurasa uukoleze. Vijana wa Wenye Chumvi wakijitenga na kuanzisha mashamba yao, umepata kambi ya nne bila kuitangaza.

Kambi ikibaki na watu wawili kwa wiki sita, ifunge, na uifunge ndani ya hadithi. Wape hao wawili nafasi ya kuamua kwa namna gani: wauze jengo, wachome nyaraka, waingie kwa mahasimu na masharti yao. Mali ya ghala igawanywe hadharani kwenye baraza la mji ili kambi zilizobaki zigombanie. Jengo lisifutwe kwenye ramani. Libaki limefungwa kwa minyororo, na ufunguo apewe mmojawapo wa wale wawili.